Ngoma Mbili Mtungini: Namna ya Kuzipima Hedifoni Zilizofungwa

Mtu atokaye Sumbawanga kwenda Muze huagana na baridi ya Ufipa wa juu hapo Ntendo, kisha, barabara inapoanza kuteremka ubavuni mwa Lyamba lya Mfipa, ule ukuta mkubwa unaolitazama bonde la Rukwa, huanza kufungua vifungo vya koti lake kimoja kimoja, kwa kuwa ameacha nyuma mji uliokaa karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na anaelekea mahali ambapo ziwa limelala kwenye mita 800 hivi, na tofauti hiyo mwili huihesabu kwa jasho kabla akili haijaihesabu kwa tarakimu. Afikapo chini hupokewa na joto, na harufu ya samaki, na vumbi la pumba za mpunga. Lakini zaidi ya hayo yote hupokewa na sauti: mashine ya kukoboa ingurumayo tangu asubuhi, pikipiki zisizotulia, na muziki wa kila kibanda ukishindana na muziki wa kibanda jirani, kila mmoja ukitaka kuwa ndio pekee unaosikiwa.

Katika ghasia hiyo nilimkuta kijana mmoja, mkulima wa mpunga aliyekuwa na fedha ya mavuno mfukoni, amesimama mbele ya meza ya muuza vifaa vya simu, hedifoni moja kichwani na nyingine mkononi. Zote mbili zilikuwa za jinsi ile ifunikayo sikio zima na kufungwa mgongo, yaani isiyo na matundu nyuma ya kupitisha hewa wala mlio. Ila moja ilikuwa nzito, yenye kung'aa, imepigwa chapa ya jina mashuhuri kwa herufi za rangi ya fedha, na nyingine ilikuwa nyeusi, kavu, haina madaha yoyote, na bei yake ni nusu ya bei ya mwenziwe. "Chukua hiyo nzito, kaka," alisema muuzaji, huku akipandisha sauti ya simu hadi ukomo wake, "hiyo besi yake inatikisa kifua." Kijana alikwenda na ngoma kwa kichwa, kisha akaziona mvi zangu, akaivua hedifoni. "Shikamoo, mzee. Ungekuwa wewe ungechukua ipi?" Niliitikia marahaba nikamwomba subira, kwa sababu swali lake lilikuwa fupi na jawabu lake refu.

Hedifoni, kwa asili yake, ni ngoma. Ndani ya kila kikombe mna kiwambo chembamba cha plastiki, ambacho upana wake aghalabu ni milimita 40 hivi katika hedifoni za kufunika sikio, na kiwambo hicho kimegandishwa pete ya waya mwembamba iliyokaa katika nguvu za sumaku. Umeme wa muziki upitapo katika waya, waya husukumwa na kuvutwa, kiwambo hufuata waya, hewa hufuata kiwambo, na sikio hufuata hewa. Ngoma iwambwayo kwa ngozi hupigwa ikatoa mlio wake yenyewe, nasi huisifu kwa mlio huo. Ngoma hii ndogo, kinyume cha dada yake, hutakiwa itoe mlio wa kila kitu, wa udi na wa gitaa, wa mtoto aliaye na wa mtangazaji asomaye habari, pasipo kuongeza hata chembe ya mlio wake. Basi hapo ndipo ulipo ugumu wote wa kazi, na hapo ndipo wema wa hedifoni hujitenga na ubaya wake.

Chombo chenyewe si cha jana. Mwaka 1910 Mmarekani Nathaniel Baldwin, wa jimbo la Utah, alilipelekea jeshi la wanamaji la nchi yake vipokea sauti alivyovibuni mwenyewe, vipate kuwasaidia wasikilizaji wa simu ya upepo kunasa ishara hafifu. Mwaka 1937 kiwanda cha Eugen Beyer huko Berlin kilitoa hedifoni yake iliyoitwa DT 48. Na mwaka 1958 John Koss wa mji wa Milwaukee aliwaonyesha watu kwamba muziki wa stirio, wenye mkondo wake wa kushoto na wake wa kulia, unaweza kusikiwa na mtu mmoja peke yake bila ya kumwamsha jirani. Miaka 10 baadaye, mwaka 1968, kampuni ya Sennheiser ya Ujerumani iliuza HD 414, hedifoni iliyoachwa wazi mgongoni ili sauti ya nyuma ipate njia ya kutokea. Tangu hapo pakawa na mataifa mawili ya hedifoni, za wazi na za kufungwa, na watu wa redio na wa studio walibaki wakizitumia sana za kufungwa, kwa kuwa mwimbaji aliyesimama mbele ya maikrofoni hataki muziki ulio masikioni mwake uvuje uingie tena katika maikrofoni yake.

Ili mtu aelewe hedifoni iliyofungwa ina sifa gani na ina dosari gani, na akumbuke mchezo wa utoto, pale mtoto anapoingiza uso katika mdomo wa mtungi mtupu akalitamka jina lake, akalisikia limerudi likiwa nene, la mviringo, kana kwamba limesemwa na mtu mzima aliyefungiwa ndani. Kiwambo kisukumapo hewa mbele kuelekea sikio, wakati huo huo huisukuma hewa ya nyuma kuelekea ukuta wa kikombe. Katika hedifoni ya wazi hewa hiyo hutoka ikaenda zake, ilhali katika ile iliyofungwa hugonga ukuta, ikarudi, ikapita tena katika kiwambo na kulifikia sikio ikiwa imechelewa kidogo na imebadilika rangi. Fundi mwema hulijua jambo hili, akaweka pamba au sufi ndani ya kikombe, akalichagua umbo la ukuta kwa hesabu, ili sauti ya nyuma ifie huko huko. Fundi mvivu hukiacha kikombe kitupu, na matokeo yake ni ule mvumo wa mtungi unaoganda juu ya kila wimbo. Ukisikia nyimbo tatu za watu watatu, nawe ukaona zote zina mvumo mmoja chini ya koo, jua kwamba mvumo huo si wa waimbaji, ni wa nyumba walimotiwa, na hiyo ndiyo alama ya kwanza.

Alama ya pili ya kutazamwa ni besi, yaani sauti zile nene za chini, na hapa wanunuzi wengi hudhulumiwa na wengine hujidhulumu. Sikio la binadamu mwenye afya husikia tangu mitetemo 20 kwa sekunde hadi 20,000, ingawa ule upande wa juu hupungua kadiri umri unavyokwenda. Na hedifoni iliyofungwa haiwezi kuzileta sawasawa sauti za chini isipokuwa mito yake imelizunguka sikio bila ya kuacha mwanya. Mkono wa miwani, msuko wa nywele, ushungi uliokunjwa mara mbili, au jasho linalouteleza mto, kila kimoja katika hivi hufungua mlango mdogo, na besi hutoroka kwa mlango huo wakati sauti za juu zingali zimo. Kwa hiyo kabla hujaihukumu hedifoni, bonyeza vikombe vyote viwili kwa viganja, polepole. Besi ikiongezeka kwa ghafula, basi hukuwa ukiisikiliza hedifoni, ulikuwa ukisikiliza mwanya. Mwanamke avaaye ushungi na apime akiwa na ushungi wake, na mwenye miwani apime na miwani yake, kwa maana hedifoni iliyo njema juu ya kichwa cha muuzaji yaweza kuwa dhaifu juu ya kichwa chako.

Alama ya tatu ni ukubwa wa sauti, nao ndio mtego mkubwa kuliko yote. Mwaka 1933 wanachuoni wawili wa Marekani, Harvey Fletcher na Wilden Munson, walieleza kwamba sikio haligawi haki yake sawa kwa sauti zote: muziki ukiwa mdogo, besi na sauti nyembamba sana hufifia kuliko zile za kati, na ukiongezwa, hizo zilizofifia hurejea kwa kasi. Maana yake ni kwamba kitu kile kile, kikipigwa juu zaidi, huonekana kizuri zaidi, kinene zaidi, na chenye uhai zaidi, hali hakuna kilichobadilika ila kipimo cha mkono juu ya kitufe. Muuzaji aliyeipandisha sauti hadi ukomo yumkini hakukusudia hila, lakini hila imetendeka. Hedifoni mbili zinapolinganishwa, la kwanza kufanywa ni kuzisawazisha: chukua sauti ya mtu asemaye, ipunguze au iongeze mpaka hedifoni zote mbili zikupe ukubwa mmoja, kisha ndipo uanze kuuliza ipi ni njema. Na usiulize kwa haraka, kwa kuwa sikio huzoea upesi. Ukikaa dakika chache na kasoro, utaanza kuiona kuwa ndiyo kawaida, na sauti safi ikija baada yake utaiona ya ajabu.

Nimesema sauti ya mtu asemaye, wala sikusema muziki, nami nina sababu. Mama anunuaye chungu hakihukumu kwa rangi yake. Hukiinua, akakigonga kwa kidole, akasikiliza, na chungu chenye ufa hujitangaza chenyewe kwa mlio uliokufa. Hukumu hiyo humjia kwa sababu amevigonga vyungu vingi, na mlio wa kizima umo ndani yake kama mizani. Sisi sote tunayo mizani ya namna hiyo kwa sauti ya binadamu, kwa kuwa tangu tulipozaliwa hatukusikiliza kitu chochote zaidi ya hiyo. Ngoma ya wimbo mpya yaweza kuwa imetengenezwa kwa kompyuta, nawe huna ushahidi wa namna ilivyopaswa kulia. Lakini sauti ya mtu umjuaye huna haja ya kuambiwa ilivyo. Roy Willis, Mwingereza mtaalamu wa mila aliyeishi Ufipa miaka ya 1960, alitoa mwaka 1978 kitabu kizima juu ya sanaa ya kusema ya Wafipa, chenye hadithi zao zisimuliwazo kwa mdomo. Na msomaji wa hadithi za namna hiyo, awe Mfipa au asiwe, hujua mara moja kitu gani hakikuweza kushuka katika karatasi: pumzi kabla ya neno, koo lililoguna, kicheko kilichozuiliwa. Hedifoni njema ni ile irudishayo hayo ambayo karatasi huyaacha.

Basi katika sauti ya msemaji sikiliza mambo matatu. Kwanza kifua: mwanamume asemapo, unene wake uwe ni wa kifua chake, usiwe wa mtungi. Pili katikati, palipo maneno yenyewe: asikike yuko mbele yako, asisikike ameweka kiganja mdomoni. Tatu herufi zenye upepo, kama ile ya mwanzo wa "sasa" na ile ya "shamba", ambazo hukaa juu, kwenye mitetemo elfu kadhaa kwa sekunde: zikiwa zimepotea, hedifoni ni kiziwi wa juu, zikiwa zinachoma kama sindano, muundaji ametia ukali wa bandia ili mnunuzi adhani amesikia usafi.

Baada ya msemaji, mwite mwimbaji. Sahani za santuri alizozirekodi Siti binti Saad huko Bombay, kuanzia mwaka 1928, ni mwalimu mzuri wa jambo moja na mwalimu mbaya wa jingine. Zilinaswa kwa njia moja tu, si kushoto na kulia. Kwa hiyo katika hedifoni yenye vikombe vilivyo sawa, Siti hana budi kusimama katikati kabisa ya kichwa chako, na akiegemea upande mmoja, geuza hedifoni, cha kulia kiwe kushoto: akihamia upande wa pili, kosa ni la hedifoni. Akibaki palepale, kosa ni la sikio lako, na la kufanya si kununua bali kumwona tabibu. Lakini usiipime besi kwa sahani hizo, wala sauti za juu kabisa, kwa kuwa mitambo ya wakati ule haikuweza kuzinasa, na hedifoni haina uwezo wa kutoa kitu ambacho hakikuwekwa.

Besi ipimwe kwa muziki wa dansi, ambamo gitaa la besi hutembea peke yake, hatua kwa hatua, na hatua yake ya chini kabisa, uzi ukipigwa wazi, ni mitetemo 41 kwa sekunde. Swali si kama gitaa hilo linatikisa kifua. Swali ni kama unaweza kuzihesabu hatua zake. Katika hedifoni njema kila noti huanza, huishi, na hufa kabla ya ile inayofuata. Katika hedifoni mbaya noti zote huwa ni uji mmoja, mzito, mtamu kwa nusu saa, kisha kichwa kikauma. Na sauti za juu zipimwe kwa taarabu, hasa kwa ala ya kanuni, ambayo nyuzi zake nyingi hudondoka kama matone ya mvua juu ya bati: kila tone lisikike limeanguka mahali pake, na baada yake upite ukimya mwembamba kabla ya tone lingine. Ukimya huo ndio hupotea wa kwanza katika kikombe kilichojaa mwangwi.

Walakini haifai kumhukumu mpishi kwa unga ulioliwa na fukusi. Nyimbo nyingi zilizomo katika simu zetu zimerushwa kutoka simu hadi simu, zikabanwa na kubanwa tena ili ziwe nyepesi, na kila mbano hung'oa kitu, hasa juu, ambako kanuni na herufi zenye upepo hukaa. Faili la wimbo lililobanwa sana mara nyingi hukatwa kila kilicho juu ya mitetemo 16,000 au chini ya hapo, na hedifoni bora duniani haitakirudisha. Chagua wimbo mmoja au nyimbo mbili zilizo safi, uzijue kwa moyo, na uende nazo kila duka. Mnunuzi aendaye sokoni na pishi yake mwenyewe hapunjwi kwa urahisi.

Kuhusu bei, mtafiti Jeroen Breebaart alipima hedifoni 283 na kutangaza mwaka 2017 kwamba hakuona uhusiano kati ya bei ya dukani na namna zilivyozigawa sauti za chini, za kati na za juu. Hii haina maana kwamba ghali zote ni ulaghai, kwa kuwa fedha yaweza kununua bawaba imara, waya unaobadilishika, na mito isiyochubuka upesi. Ina maana tu kwamba fedha haiwezi kusikiliza kwa niaba yako. Na jina lililochapwa juu ya kikombe, katika soko ambamo bidhaa bandia hutembea bega kwa bega na za kweli, ni dhamana hafifu kuliko zote.

Tena hedifoni iliyofungwa haina budi kupimwa mahali itakapoishi. Jioni ya Sumbawanga, mito ya ngozi bandia hushukuriwa kama kofia ya sufi. Adhuhuri ya Muze, mito hiyo hiyo hutoa jasho, jasho hufungua mwanya, na baada ya miezi ngozi huanza kubanduka magamba. Anayekaa bondeni na apendelee mito ya kitambaa, au iliyo rahisi kubadilishwa, na aivae hedifoni si chini ya robo saa kabla ya kulipa, kwa kuwa ile isiyovumilika kichwani haina sauti njema. Faida kubwa ya hedifoni iliyofungwa katika mahali kama hapa ni kwamba huizuia kelele ya mashine ya kukoboa isiingie, na hivyo humwondolea mtu haja ya kuipandisha sauti ili aishinde. Shirika la Afya Duniani limeweka kipimo cha desibeli 80 kwa saa 40 za juma zima kwa mtu mzima, na kila desibeli 3 zikiongezwa, muda huo hukatwa nusu. Na seli za kusikia zikifa haziоti tena kama nywele. Lakini fadhila hiyo hiyo hugeuka balaa barabarani, maana ukuta uizuiao mashine huizuia pia honi ya pikipiki.

Hayo yote nilimweleza kijana kwa kadiri kelele zilivyoruhusu, kisha nikamwuliza kama simu yake ilikuwa na sauti ya mtu anayemjua. Alitafuta, akapata ujumbe wa sauti wa shangazi yake aliyeko Sumbawanga, ulioletwa siku mbili nyuma, kuhusu magunia ya mahindi. Tulizisawazisha hedifoni, akaanza na ile nzito. "Shangazi yumo kisimani," alisema akicheka, na muuzaji naye akacheka, japo kidogo. Akavaa ile nyeusi, akaubonyeza mto juu ya sikio, akasikiliza. Cheko likamtoka usoni. Akaurudisha ujumbe nyuma, akausikiliza tena, macho yameelekea kwenye ule ukuta wa Lyamba lya Mfipa uliosimama juu ya mabati ya soko.

"Mzee," alisema, "anakohoa. Hapa anapotaja magunia anaziba mdomo, anakohoa. Nimeusikia ujumbe huu mara tatu kwenye simu, sikujua."

Alilipa bila ya kuomba kupunguziwa. Muuzaji alipokuwa angali akitafuta chenji, kijana alikwisha kuzunguka nyuma ya kibanda, mbali na mashine, hedifoni inaning'inia shingoni, simu iko sikioni, akingoja shangazi apokee.